Ngazi ya Maalim Nassor na Kona ya Uwanja Mpya

Katika hafla ya kuniaga, mmoja wenu aliniuliza kwa nini ghala letu bado linatunza ngazi ndefu ya mbao ambayo hakuna mtu anayeipanda. Swali lilikuwa la haki. Taa za barabarani siku hizi hufikiwa kwa lori lenye mkono wa chuma, na ngazi ile imelala ukutani kwa miaka, ikichukua nafasi ambayo ingefaa kwa makopo ya rangi. Nilikuwa na kipande cha mkate wa mayai mdomoni. Nilipokimeza, mazungumzo yalikuwa yamekwisha kuhamia kwenye kipaza sauti kilichogoma, na jibu langu likabaki kifuani. Tangu siku hiyo nimelipanga na kulipangua kuliko linavyostahili, na nimekubali kwamba haliwezi kuwa fupi. Niwieni radhi. Mnajua kwamba hata maelezo yangu ya namna ya kupaka mstari wa njano yalikuwa na utangulizi.

Sitaandika habari za vyeo. Vingine vilinijia, vingine vilinipita, na sikumbuki hata kimoja kilichomfikisha mkazi wa kisiwa hiki cha Mombasa nyumbani kwake mapema zaidi.

Nianze na siku ya kwanza. Nilipokewa katika sehemu ya njia na maegesho nikiwa na stashahada, kalamu mbili, na viatu vyenye visigino ambavyo mama yangu alivichagua kwa heshima ya ofisi. Mkuu wangu alikuwa mpima ardhi wa Kuze, wa ukoo wa Kiarabu uliokaa Mji wa Kale vizazi vingi, aliyeitwa Maalim Nassor kwa sababu jioni alisomesha watoto Kurani chuoni. Aliitazama stashahada yangu kwa adabu, kisha akavitazama viatu kwa muda mrefu zaidi.

"Hivyo ni vya kukalia," alisema. "Kesho uje na vya kuendea."

Kesho yake nilikuja na vya kuendea, na tukaenda. Wafanyakazi wanne wa idara waliibeba ngazi mabegani, wawili mbele na wawili nyuma. Maalim alitangulia na utepe wa kupimia, nami nikafuata na chaki. Tuliingia vichochoro vya Kuze kwa mwendo wa taratibu usiofanana na mwendo wa watu wanaokwenda kutengeneza taa. Muuza viungo mmoja alituona kwa mbali kupitia mlango wake, akaweka chini mizani, akasimama, akaingiza miguu katika makubadhi.

"Innalillahi. Nani kafa?"

"Hajafa mtu, Bwana," Maalim alijibu. "Twajifunza."

"Mwajifunza kufa?"

"Twajifunza kupita."

Yule bwana aliitazama ngazi, akamtazama Maalim, akarudi kwenye mizani yake akitikisa kichwa. Nilidhani nimeajiriwa na mtu asiye timamu.

Pale kichochoro kilipokunjika, mbele kidogo ya duka la muuza viungo, Maalim aliwaamuru wapinde bila kuishusha ngazi na bila kuiinamisha upande wowote. Bega la mbele likagusa ukuta. Aliniambia niweke alama ya chaki hapo, kisha akanieleza kwa sauti ya chini, kana kwamba ni siri ya serikali. Gari likishindwa kupita, alisema, hurudi kinyumenyume. Mzigo ukishindwa kupita hufunguliwa. Lakini jeneza halirudishwi lilikotoka, wala halisimamishwi wima kama kabati. Njia inayopitisha jeneza bila kuliinamisha itapitisha kila kitu kinachostahili kupita.

"Na gari, Maalim?"

"Gari ni mgeni. Mgeni hukaribishwa, lakini hapangi nyumba."

Wengi wenu mmekulia hapa, na hamhitaji kuelezwa desturi. Kwa ambao wamekuja karibuni, nieleze. Maiti wetu hubebwa mabegani, kwa miguu, kutoka msikitini mpaka makaburini. Kila mwanamume anayekutana na jeneza njiani, awe alimjua marehemu au hakumjua, huingiza bega lake, hutembea nalo kidogo, kisha humwachia mwingine. Kwa hiyo, na hili ndilo lililonichukua muda kulielewa, upana wa jeneza si upana wa mbao zake. Ni upana wa mbao, na mabega yaliyo chini yake, na mabega yanayosubiri zamu pembeni. Maalim aliuita nafasi ya kupokezana. Alikuwa akiupima kwa kunyoosha mkono wake upande wa nje wa ngazi, na ukucha wa kidole cha kati ukigusa ukuta, njia ilikuwa imeanguka mtihani.

Nilimwuliza, kwa unyenyekevu uliokuwa na ubishi ndani yake, kwa nini ananifundisha mimi, mwanamke, ambaye kwa mila yetu hubaki nyumbani jeneza linapoondoka.

"Ndiyo maana," alisema. "Sisi tukiwa chini yake hutazama miguu yetu. Wewe utaitazama kona."

Sikupata kumjua mtu aliyeipenda kazi kwa namna ile. Kisheria mamlaka yetu yalikuwa madogo: kupaka mistari, kupendekeza, kusimamia alama za barabarani. Yeye aliyatumia kama mtu aliyekabidhiwa mji mzima. Tulimshawishi mfanyabiashara mmoja akate sehemu ya baraza yake iliyotokeza njiani. Maalim hakumtishia kwa sheria. Alikuja na ngazi, akaomba ruhusa kumbebesha yule mfanyabiashara bega la nyuma la ndani, na walipofika kwenye baraza yake mwenyewe akakwama. Alisimama pale na ngazi begani, majirani wakitazama, kisha akasema tu, "Haya, nimeelewa, niondoleeni." Baraza ilikatwa kabla ya Ramadhani.

Katikati ya utumishi nilirudi masomoni, nikachukua shahada ya uzamili katika upangaji wa usafiri. Nilikuwa mkubwa kuliko wanafunzi wenzangu wote na mkubwa kuliko baadhi ya walimu. Nilijifunza mambo ambayo sitaacha kuyashukuru, hasa namna ya kutofautisha ninachokijua na ninachokidhania. Lakini shahada ile ilinitikisa kuliko ilivyonituliza. Katika michoro ya kompyuta, magari yalikuwa mistatili yenye urefu na upana. Watu walikuwa nukta. Nukta haina bega. Nilikesha na swali hilo nikijiuliza kama Maalim alikuwa amenifundisha elimu au mazoea, na kama kuna tofauti, na kama tofauti hiyo yafaa kunikosesha usingizi. Nilimwendea Kuze, alikuwa amekwisha kustaafu, nikamwambia kwamba ngazi yake haimo katika kitabu chochote.

Alinimiminia kahawa chungu. "Vitabu havijesha kuandikwa," alisema.

Alifariki kabla uwanja mpya wa mpira haujajengwa. Siku ya maziko nilikuwa ndani na wanawake wenzangu, na tulisikia sauti za tahlili zikipungua kichochoroni mpaka zikaisha. Waliporudi walisema amezikwa salama, alhamdulillahi. Hilo ndilo wanaume husema. Nilitaka kuuliza kuhusu kona ya muuza viungo, kama alipinda sawasawa, lakini sikuona wa kumwuliza bila kuonekana nimerukwa na akili. Nimeishi na swali hilo bila jibu.

Sasa nifike uwanjani.

Nasema bila kusita kwamba uwanja mpya ni mzuri. Wapo waliotarajia niseme vinginevyo, kwa sababu miaka yangu ya mwisho kazini ilitumika kulalamika kuuhusu. Majukwaa yake yamegeuzwa vizuri, upepo wa bahari huingia upande mmoja na kutoka wa pili, na mtu aliyeketi nafasi ya bei ya chini kabisa huona mpira wote. Mara ya kwanza nilipoingia na kuona majani yale nilisimama kama mtoto. Waliouchora waliupenda mchezo. Kitu ambacho hawakukifikiria sana ni jinsi mtu atakavyoufikia, na kisiwa chetu, kama mnavyojua, kilijaa kabla gari halijabuniwa.

Kampuni iliyopewa kuendesha maegesho iliweka bei ambayo kwayo baba mwenye watoto watatu angelipa zaidi kuliegesha gari kuliko kuwaingiza wote wanne kutazama mchezo. Watu wa Mombasa ni wakarimu lakini si wajinga. Eneo la maegesho likabaki na magari machache yaliyotawanyika kama meno ya kizee, na mitaa ya Tononoka inayouzunguka uwanja ikajaa. Magari yaliachwa mbele ya milango, mbele ya maduka, mbele ya lango la shule. Kinyozi mmoja alishindwa kufungua duka lake Jumamosi nzima, akaishia kunyoa watu akiwa ameegemea boneti ya mtu asiyemjua. Kampuni, ilipoona mapato hayaji, ilifikiri kwa namna kampuni zinavyofikiri: ilitaka nafasi zaidi karibu na lango, za bei ya juu zaidi, kwa wageni mashuhuri. Nafasi pekee iliyobaki ilikuwa njia ya ubavuni, kati ya ukuta wa uwanja na nyumba za watu. Ombi hilo likaletwa kwangu nilipendekeze au nilikatae.

Njia ile ilikuwa ya zamani kuliko uwanja. Ilitoka msikiti wa mtaa, ikapita ubavuni, ikapinda kwenye pembe ya ukuta, ikaelekea makaburini.

Tuliitisha kikao cha wakazi katika ukumbi wa shule. Kampuni iliwakilishwa na msimamizi wake, Bwana Mwangemi, Mtaita mpole mwenye shati jeupe, aliyekuja na picha nzuri sana. Alipomaliza, mama mmoja aliyekaa safu ya pili, ambaye muda wote alikuwa akishona kofia ya viua, ile ya vitundu vya kudariziwa, bila kuinua macho, aliomba kusema. Jina lake Bi Mwanahalima. Aliendelea kushona akizungumza.

"Mimi sina gari, kwa hivyo bei yenu hainihusu. Nina swali moja. Mume wangu Athumani ni mgonjwa. Madaktari washasema waliyosema, nasi twamshukuru Mungu. Baba yake alipitishwa njia ile ya ubavuni. Babu yake alipitishwa ile ile. Yeye mtampitisha wapi?"

Bwana Mwangemi alisema Mungu atampa afya.

"Amin. Na asipompa?"

"Kuna barabara kuu, mama. Kampuni inaweza hata kutoa gari."

"Gari? Athumani alifanya kazi gati ya Mbaraki miaka yake yote, na hakuna jeneza la mtaa huu ambalo bega lake halikuingia. Leo yeye apakiwe kama gunia la mchele?"

Watu walianza kucheka, naye hakucheka. Bwana Mwangemi, kwa nia njema kabisa, alisema kwamba mechi si kila siku. Pengine ingewezekana kupanga maziko siku isiyo na mechi.

Bi Mwanahalima alisimamisha sindano.

"Baba, wewe unayo ratiba ya Izraili? Tuletee, tuifananishe na ya mpira."

Kikao kiliishia hapo. Hakuna mwenyekiti awezaye kurudisha ukumbi baada ya maneno kama yale. Lakini nilipokuwa nikikunja michoro alinijia, kofia mkononi, na uso wake haukuwa na mzaha hata chembe.

"Mwanangu, wewe ndiwe mwenye kupima?"

"Ndimi, bi mkubwa."

"Athumani haulizi dawa tena. Huuliza njia. Kila wakisikika mafundi hunambia, nenda ukatazame, wameziba? Nimwambie nini?"

Nilimwambia kwamba nitapima. Ni jibu la mtu wa ofisini, na nililijua hivyo wakati likinitoka.

Nilipima. Upana wa njia ulitosha, tena kwa nafasi ya kupokezana. Tatizo lilikuwa kwenye pembe ya ukuta, ambako vigingi vitatu vya zege vilikuwa vimesimikwa kuzuia bodaboda. Kwenye mchoro vilikuwa nukta tatu, na mtu alipita kati yake bila shida. Niliandika pendekezo langu, nikalifuta, nikaliandika tena kwa kuanzia na bei, kisha kwa kuanzia na usalama. Kila mara niliona jinsi mtu mwenye haraka angelipinga. Ndipo nilipomwita Bwana Mwangemi pale konani, nikatuma ngazi itolewe ghalani.

Walikuja wabebaji watatu. Wa nne alikuwa kliniki na mtoto wake. Sikuwa nimepanga hivyo, ingawa hakuna aliyeniamini baadaye. Bwana Mwangemi aliuliza kama anaweza kusaidia, nami nikamwonyesha bega la mbele upande wa kulia. Alikunja mikono ya shati, akaingia chini ya ngazi.

Walitembea vizuri mpaka kwenye vigingi. Hapo zege lilimshika kiunoni, na ngazi ikasimama.

"Sasa nafanyaje?" aliuliza.

"Unaweza kurudi nyuma," nilisema, "au kumwinamisha."

"Kumwinamisha nani?"

Alisimama na ngazi begani, jasho likianza kuonekana mgongoni. Mmoja wa wabebaji wa nyuma aliguna kwamba marehemu ni mzito, na mwenzake akamwambia anyamaze.

"Mama yangu tulimzika Taita," Bwana Mwangemi alisema hatimaye. "Tulimpandisha mlimani, mvua inanyesha, udongo unateleza. Kaka yangu alianguka kwa magoti akatembea kwa magoti. Hatukumwinamisha." Akashusha pumzi. "Hiki kigingi kiondoke. Na njia ibaki njia."

Nimekutana na watu wengi wenye madaraka makubwa kuliko yake ambao hawakuwahi kubadili neno moja mbele ya wafanyakazi. Yeye alibadili mpango mzima akiwa bado amebeba. Aliniomba kitu kimoja tu: nimsaidie kupata mahali pengine pa magari yale. Tukapata uwanja wa malori kule Mbaraki, ambao mwisho wa wiki hukaa wazi, bei ikashushwa hadi kiasi cha nauli ya kawaida, na mabasi yakawekwa ya kuwaleta watu. Si ufumbuzi kamili. Foleni ya basi baada ya mechi bado ni mtihani wa subira. Lakini kinyozi anafungua duka.

Kigingi cha katikati kilifanywa cha kung'oka, chenye kufuli, ili bodaboda wasirudi. Nilifikiria kwa siku kadhaa nani ashike ufunguo. Mwishowe mmoja alipewa mwadhini wa msikiti, na wa pili Kazungu, mkuu wa wahudumu wa maegesho, Mgiriama mrefu wa Kikristo aliyeuvaa shingoni pamoja na filimbi yake. Nilimpelekea Bi Mwanahalima habari. Aliingia chumbani kumwambia mumewe, akatoka, akasema, "Amelala. Siku nyingi hajalala mchana."

Mzee Athumani alifariki alfajiri moja, na siku hiyo ilikuwa na mechi, tena ile ambayo nusu ya kisiwa huvaa nyekundu na nusu ya pili huvaa kijani. Maziko yalikuwa baada ya swala ya alasiri. Mechi ilikuwa saa kumi. Izraili hakuwa ameitazama ratiba, au aliitazama vizuri sana.

Nilikuwa juu ya jukwaa la pembeni na redio ya mkononi, kwa sababu siku kama hizo nilisimamia njia za kuingilia. Kutoka pale niliona foleni ya mashabiki langoni, niliona ubavu wa uwanja, niliona kona. Kazungu, kwa uangalifu wake, aling'oa kigingi mapema ili msiba usisubiri. Nilikuwa nimefikiria kila kitu isipokuwa hili: mwanya ulioachwa kwa ajili ya jeneza ni mwanya kwa yeyote. Alipogeuka kuzungumza na mwadhini, gari dogo jeusi, lililokosa nafasi katika maegesho ya wageni mashuhuri, likajipenyeza, likasimama katikati ya kona, na mwenyewe akafunga milango, akaingia uwanjani.

"Bi Saumu," sauti ya Kazungu ilisema redioni. "Kuna gari konani."

Nikaomba namba zake zitangazwe kwenye vipaza sauti. Zikatangazwa. Zikatangazwa tena. Timu zilikuwa zinapasha misuli na hakuna aliyesikiliza. Kutoka upande wa msikiti nikaanza kusikia tahlili. Lile neno moja, la ilaha illallah, likija kwa mwendo wa miguu, halikuwa mbali. Nilifikiri kuita winchi ya kulivuta gari. Ingechukua muda kuipitisha kwenye foleni. Nilifikiri kuwaomba wasubiri. Lakini maiti hasubirishwi juani nje ya uwanja wa mpira. Nilifikiri nimwambie nini mjane. Nilikuwa bado nafikiri, na huo ndio udhaifu wangu mnaoujua, wakati Kazungu alipokwisha kuacha redio na kuigeukia foleni.

"Jamani! Wenye mabega, njooni! Kuna mzee anapita!"

Hakueleza zaidi. Hakuhitaji. Ngoma zilinyamaza kwanza, upande wa nyekundu, kisha wa kijani. Vijana na watu wazima walitoka kwenye foleni waliyokuwa wameipanga tangu adhuhuri, wakalizunguka gari.

"Lina breki ya mkono!"

"Basi tulibebe kama bibi harusi!"

"Huyu bibi harusi amekula!"

"Haya, pamoja. Bismillahi!"

Gari liliinuka. Niliona magurudumu manne yakiacha ardhi, likaenda ubavuubavu mpaka ukutani, likawekwa taratibu kuliko lilivyostahili. Hapo ndipo mwenyewe alipotokea, anakimbia, tiketi mkononi.

"Gari langu! Mnafanya nini? Nimelipia mimi!"

"Umelipia maegesho, mzee," Kazungu alisema, na sauti yake niliisikia hadi juu. "Njia hukuilipia. Haiuzwi."

Yule bwana alifungua mdomo kujibu, na jeneza likatokea.

Wale wale waliobeba gari waliingiza mabega. Wenye kanzu waliwapisha wenye jezi, wenye jezi wakawapisha wengine, nyekundu ikatoka, kijani ikaingia. Kazungu alivua kofia yake ya kazi. Mwenye gari alisimama amejibana kwenye mlango wake, kisha akaitia tiketi mfukoni, akasogea, akashika zamu. Nami nilifanya kazi niliyofundishwa. Nilitazama kona. Maisha yangu yote nilikuwa nimekipima kwa ngazi kitu ambacho sikuwahi kukiona kikipita. Mabega ya ndani yalipunguza mwendo, ya nje yakaongeza, na kitambaa cha kijani kilichomfunika Mzee Athumani kikageuka juu ya vichwa vyao, tambarare, kikapita, na upande wa nje bado palikuwa na nafasi ya mkono ulionyooshwa.

Mchezo ulianza kwa kuchelewa kidogo. Sikumbuki nani alishinda.

Jioni nilikwenda matangani. Bi Mwanahalima alikuwa ameketi mkekani kati ya wanawake, amejitanda nguo nyeupe. Nilimpa makiwa, akanishika mkono, akanivuta nikae karibu.

"Waume washarudi," alisema kwa sauti ya chini. "Wasema amezikwa salama."

"Alhamdulillahi."

"Hawasemi jingine. Ila wasema walikuwapo wa mpira."

"Walikuwapo. Walimbeba pale konani."

"Wa timu gani?"

"Zote mbili."

"Athumani angetaka wekundu peke yao," alisema, na wanawake wawili walicheka huku wakifuta macho. Kisha akanisogelea mpaka nikasikia pumzi yake. "Wewe ulikuwa wapi?"

"Juu, jukwaani. Niliona."

Mkono wake ulikaza.

"Walimwinamisha?"

"Hawakumwinamisha. Alipinda kama sinia ya maji, bi mkubwa. Lisingemwagika tone."

Aliuachilia mkono wangu, akanisogezea sahani.

"Basi kula," alisema. "Umesimama juani kutwa."

Nilikula. Nilipokuwa nikila nilimkumbuka Maalim Nassor na kona ya muuza viungo, na kwa mara ya kwanza sikuhisi haja ya kumwuliza mtu.

Hilo ndilo jibu la ngazi. Siku moja mtaletewa tena ombi la kuifanya njia ya mtu kuwa mahali pa magari, likiwa na picha nzuri na hesabu nzuri, na pengine waletaji wake watakuwa watu wema, kama alivyokuwa Bwana Mwangemi. Msibishane nao mezani. Itoeni ngazi ghalani, mfute vumbi. Haipandwi. Hubebwa na watu wanne, na bega la mbele apewe yule anayetaka kuiziba njia.